Mtani kwenye Msiba wa Kijapani

Walisema sitafika. Hawakusema sitafika Japani tu, walisema sitafika hata uwanja wa ndege. Mjomba wangu, ambaye siku hizi ananitambulisha kwa wageni kama "mtaalamu wetu," alisimama mbele ya watu nyumbani kwake Makutupora, Dodoma, akasema, "Huyu? Mwaka juzi alipanda basi kwenda Kondoa akatapika kabla ya Mayamaya. Leo anataka kupanda ndege!" Watu wakacheka hadi kuku wakakimbia. Mke wa baba mdogo akaongeza kwamba Kiswahili chenyewe nilikuwa nakichanganya na Kigogo, sasa hicho Kijapani nitakitia wapi. Mchumba wangu peke yake hakucheka. Alisema atanisubiri, na kwa jinsi alivyolisema nikajua hatanisubiri.

Nilifika. Naliweka hili mbele ili anayesoma ajue anayemsimulia ni nani. Mimi ni mtoto wa mkulima wa uwele, nilisoma shule ya kata isiyokuwa na madirisha, na leo nina stashahada ya kilimo cha zabibu kutoka chuo cha Japani, yenye muhuri mwekundu, ndani ya fremu ya kioo, sebuleni kwangu. Mizabibu yangu imetandazwa juu ya dari la waya kama ya kule, unapita chini yake umesimama wima, na vichala vinaning'inia mbele ya uso wako. Mabwana shamba huja kupiga picha. Najisifu, ndiyo. Mtu anayesifiwa na wenzake hana haja ya kujisifu. Mimi kazi hiyo sikupata wa kunifanyia.

Lakini ninayotaka kusimulia si ya mizabibu. Ni ya wazee wawili walionipa chumba kwa muda wote niliokaa huko, na ya msiba uliotokea ndani ya nyumba hiyo. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu wa kwetu kuhusu treni, theluji na vyoo vinavyoongea. Haya sikuwahi kuyasimulia.

Chuo kilikuwa kwenye bonde la mizabibu katikati ya milima. Hakikuwa na bweni la kututosha, kwa hiyo wageni tuligawiwa kwa wakulima: unawasaidia shambani, nao wanakupa chumba na chakula. Nilikopelekwa mimi waliishi wanaume wawili waliopita miaka sitini. Mwalimu aliyenipeleka alimwonyesha wa kwanza, mfupi, mweusi wa jua, mwenye sauti kubwa. "Huyu ndiye mwenye shamba." Kisha akamwonyesha wa pili, mrefu, aliyevaa aproni. "Na huyu ni mtu wa hapa nyumbani."

Mtu wa hapa nyumbani. Mgogo akiambiwa hivyo hatulii. Nilitaka kujua nani mkubwa na nani mdogo, nimwamkie yupi kwanza. Nikauliza, kwa Kijapani changu cha kitabu, kama ni ndugu. Mwalimu akaitazama saa yake. Mwenye shamba akacheka sana. Yule wa aproni akasema, "Mimi ni mkubwa kwake kwa miezi michache. Ingia, supu inapoa." Nikahitimisha kuwa ni ndugu wa mama mbalimbali. Katika kichwa changu nikawapa majina: mwenye shamba na mpishi.

Upweke wa Japani haufanani na wa kwetu. Huku mtu mpweke ni yule ambaye watu hawamjii. Huko watu wapo tele, wanakuinamia, wanakuletea matunda mlangoni, lakini hakuna anayekuuliza umeamkaje. Kijijini waliniita Tanzania-san, yaani Bwana Tanzania, kana kwamba nimebeba nchi nzima kichwani. Mchana nilikuwa darasani au shambani. Jioni nilikaa chumbani kwangu ghorofani nikitazama theluji ikianguka bila sauti. Kwetu mvua inapokuja kila mtu anaisikia na kila mtu anasema neno. Theluji huanguka hata ukalala usijue. Niliambiwa kwa simu kwamba mchumba wangu ameolewa Kondoa. Nilikata simu nikashuka jikoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto.

Mpishi alinitazama, akaniwekea bakuli la maharage yao yaliyochachushwa, yale yanayovutika kama uzi, yanayonuka, ambayo wageni wote hukataa. Nikayakoroga, nikayavuta, nikala yote na kuomba tena.

"Huogopi?" akauliza.

"Mzee, mimi nimekulia kwenye mlenda."

Ilibidi nimweleze mlenda ni nini. Akamwita mwenzake aje asikie. Tangu siku hiyo nikawa na kiti changu jikoni, na nusu ya upweke ikaniondoka.

Mwanzo wa majira ya baridi ile ya kwanza ndipo nilipojua. Nyumba zao za zamani zina kuta za ndani za mbao nyembamba na karatasi. Chumba chao kilikuwa upande wa pili wa ukuta wangu. Usiku mmoja nikamsikia mwenye shamba akilalamika, "Miguu yako ya baridi! Isogeze huko!" Na mpishi akajibu, kwa sauti ya mtu aliyelijibu jambo hilo maisha yake yote, "Vumilia."

Nilikaa kitandani macho wazi. Nimelelewa kanisani, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na mambo haya kwetu husemwa kwa kutemewa mate, au hayasemwi kabisa. Asubuhi nilikunywa chai bila kuwaangalia. Niliazimia kuhama.

Kwanza nilitaka kujua kama kijiji kinafahamu. Nikaenda kwa bibi jirani, mjane aliyekuwa akiingia jikoni kwetu kwa mlango wa nyuma bila kupiga hodi, akachukua chumvi, akaacha figili, akaondoka. Nikamzungushia maneno: wale wazee wawili, wameishi pamoja tangu lini? Hawakuwahi kuoa? Bibi akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mwaka huu makaki, yale matunda yao ya rangi ya chungwa, yamezaa vizuri, akaingia ndani, akanijazia mfuko mzima wa hayo matunda. Nilirudi na mfuko wangu, nimejibiwa.

Chuoni nikamjaribu mwanafunzi mwenzangu, kijana wa mjini. Nilipomwambia tu kwamba kuna wanaume wawili wanaoishi kama mume na mke, akainua kiganja shavuni, akalegeza kiuno na kuongea kwa sauti ya kike, kama wale wachekeshaji wao wa televisheni ambao taifa zima huwacheka kila jioni. Tulicheka. Kisha akauliza, "Ni akina nani?" Nikasema ni wenyeji wangu. Uso wake ukabadilika hapo hapo. Akainama mara kadhaa. "Samahani. Samahani sana." Hakuligusa tena jambo hilo hadi tulipohitimu.

Nilichoka kubahatisha. Jioni moja, mwenye shamba akiwa mkutanoni, nikamwuliza mpishi mwenyewe. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha.

"Kwenu wanasemaje?" akaniuliza yeye.

"Kwetu ni kosa. Kwa sheria na kwa kanisa. Mtu anaweza kufungwa."

"Kwetu hakuna anayefungwa. Masimulizi ya kale yamejaa watawa na mashujaa wa namna hiyo, na hakuna mtawa aliyewahi kuniambia nitaungua." Akaosha kiazi. "Baba yangu alipojua hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema, 'Oa kwanza, mengine utayafanya kimya kimya.' Kwao kosa langu lilikuwa kutooa. Hilo la pili hawakuliita kosa. Hawakuliita chochote."

"Na kijijini?"

"Kijijini wanatupenda. Wanaleta figili." Akatabasamu. "Mradi hatusemi, nao hawasemi. Tumeishi vizuri chini ya ukimya huo. Ni kama paa."

Nikamwuliza kama hakuna njia ya kuandikishana. Akasema miji mingine ya nchi yao imeanza kuwapa watu kama wao vyeti vya kuwatambua, ila ndoa sheria ya nchi haijakubali. Iko njia ya zamani ambayo wengi wameitumia: mmoja anamwasili mwenzake kuwa mtoto wake. Watu wazima kabisa, mmoja baba, mmoja mwana, na tangu hapo wao ni familia moja katika sajili ya serikali. Sharti ni moja tu, baba awe mkubwa kwa umri.

"Na mkubwa ni wewe," nikasema.

"Ndiyo maana hatujafanya. Shamba ni la babu zake, yeye ndiye mwenye jina. Eti aache jina lake awe mwanangu!" Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Kila mwaka mpya tunasema mwaka huu tutaenda ofisini. Yeye ananiita 'Baba' kwa kebehi siku nzima, basi tunaahirisha."

Sikuhama. Sitasema nilibadilika siku hiyo hiyo, mimi si mtu wa kubadilika haraka. Nilikaa kwa sababu chakula kilikuwa kizuri na kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine kwenye bonde lile aliyeniuliza nimekula. Baadaye nilikaa kwa sababu walikuwa watu wangu.

Mwenye shamba alifariki kiangazi, wakati wa kuvalisha vichala. Kule kila kichala huvalishwa mfuko wake wa karatasi kikiwa bado kichanga, ndege na mvua visikiguse. Tulikuwa sote watatu chini ya dari la waya. Nilimsikia akigomba kwamba nafunga mifuko kama mtu anayefunga ng'ombe. Kisha sikumsikia tena. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, ameegemea shina, mfuko wa karatasi mkononi. Mpishi alikwishafika, amepiga magoti, anamwita. Moyo ulikuwa umesimama.

Mtoto wa kaka yake mwenye shamba alikuja kutoka mjini jioni ile, mtu mpole, suti nyeusi, na mkewe. Akawa ndiye mkuu wa msiba, kwa kuwa ndiye ndugu aliyebaki. Majirani waliingia jikoni wakapika, kama ilivyo desturi ya kijiji, wakiongozwa na bibi jirani. Na mpishi, ambaye jiko lile lilikuwa lake kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, akaonyeshwa mto wa kukalia karibu na mlango, pamoja na wageni, pamoja nami. Kwenye kujitambulisha alitajwa kama "rafiki wa marehemu." Hakuna aliyemdharau. Kila mtu alimwinamia. Ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe: hapakuwa na ubaya wowote wa kuukamata.

Kule maiti huchomwa, halafu walio wa karibu huzunguka majivu na kuokota mifupa kwa vijiti, wawili wawili, kuanzia miguuni kupanda hadi kichwani, wakiiweka kwenye chungu. Mfupa mmoja mdogo wa shingoni huachwa uwe wa mwisho. Wanasema una umbo la mtu aliyekaa akisali, na huokotwa na aliyekuwa karibu zaidi na marehemu. Mtoto wa kaka alitangaza, kwa upole wote, kwamba kesho mifupa itaokotwa na familia.

Mpishi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nitabaki kuangalia nyumba."

"Mzee, wewe unataka nini?"

Akalitazama jeneza. "Nataka kumwokota."

"Mwambie basi."

"Nimwambie mimi ni nani?"

Nikatazama chumba kizima. Wote pale walijua. Bibi jirani alijua, mwenyekiti wa wakulima alijua, mtawa mwenye kichwa kilichonyolewa aliyekuja kuongoza ibada alijua. Hakuna aliyeweza kufungua mdomo, kwa sababu jambo ambalo halijawahi kutajwa halina mtetezi. Ungemtetea vipi mtu anayenyang'anywa kitu ambacho hakuna aliyewahi kusema anacho? Paa lile lililowafunika miaka yote lilikuwa limemwangukia.

Baada ya ibada kulikuwa na chakula na pombe yao ya mchele, kama desturi. Watu walikula kwa adabu, wakasema marehemu alikuwa mchapakazi. Mpishi hakugusa chakula. Hakulia pia. Alikaa amenyooka kama mtu anayengoja kuitwa kwenye usaili.

Sisi Wagogo, kama makabila mengi ya nchi hii, tuna watani. Mtu akifa kwetu, mtani haji kulia. Anakuja kufanya kazi yake. Anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anamgombeza mjane kama alivyogombezwa kila siku, na mjane aliyekaukiwa machozi anacheka, na akishacheka analia, na akishalia anapona kidogo. Mtani husema pale ambapo ndugu hawawezi kusema, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Nikawaza: msiba huu hauna mtani. Mtu huyu atakaa hivi hadi agande.

Nikasimama. Nilikuwa nimekunywa, lakini si sana. Nikachukua kofia ya majani ya mwenye shamba iliyokuwa imetundikwa, nikaivaa. Mazungumzo yakakoma.

Nikaingia kwa miguu yake ile ya kupinda, nikajifanya navua mabuti mlangoni, nikaguna kama yeye. "Oi! Chai!" Mtu mmoja akacheka bila kutaka. Nikaonja supu isiyokuwepo, nikakunja uso: "Chumvi! Unataka kuniua?" kisha nikanyoosha bakuli niongezwe, nikaongezwa tena, na tena. Sasa wakacheka wengi, maana kila mtu alishawahi kula kwenye meza ile. Mwenyekiti wa wakulima alikuwa anafuta macho. Hata mtoto wa kaka aliinamisha kichwa mabega yakimtetemeka. Mpishi alinitazama mdomo wazi kidogo, kama mtu anayemwona marehemu mwenyewe.

Mtani mzuri hajui kuishia njiani. Nikapiga miayo yake, nikajilaza kwenye mkeka, nikavuta shuka ya hewani, nikaruka kama niliyechomwa.

"Miguu yako ya baridi! Isogeze huko!"

Kicheko kilikatika kama kilichokatwa kwa shoka. Nilisikia jokofu likinguruma jikoni. Mke wa mtoto wa kaka alikuwa anaangalia kikombe chake. Nikabaki nimelala kwenye mkeka wa watu, kofia ya marehemu kichwani, nikijua kwamba nimefanya jambo, na sijui ni jambo gani.

Ndipo mpishi akasema, polepole, kuelekea kwenye jeneza na si kwangu: "Vumilia."

Na akalia. Alilia kwa sauti, kama tunavyolia sisi, na mabega ya watu wote yakashuka.

Aliyesogea kwanza ni bibi jirani. Alitoka jikoni na taulo ya kufutia vyombo, akampa. "Hiyo miguu," akasema, "hata kwangu alikuja kuilalamikia. Kila baridi. Nilimwambia amnunulie soksi." Akarudi jikoni.

Kesho yake asubuhi, pale penye majivu, mtoto wa kaka alimwinamia mpishi, akampa vijiti kwa mikono miwili. "Tafadhali," akasema, "anza wewe." Mpishi alianza na miguu. Na ule mfupa mdogo wa mwisho aliuokota yeye.

Watu wangu wa kwetu wangetaka niishie hapo, mtaalamu wao ameshinda. Na mimi nasema mpaka leo kwamba nilifanya sawa. Ningerudishwa pale ningevaa ile kofia tena. Lakini nitasimulia yaliyofuata, kwa sababu yalifuata.

Majirani hawakuacha kuja. Figili ziliendelea, makaki yaliendelea. Ila hakuna tena aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Walikuja mbele, wakabonyeza kengele, wakangoja, wakakabidhi walicholeta kwa mikono miwili na kuinama sana. Hata bibi jirani. Nadhani hakuna aliyekasirika. Walikuwa hawajui sasa waseme nini na mtu ambaye jambo lake limeshasemwa. Mpishi akawa anafungua mlango, anashukuru, anaufunga, anarudi jikoni kwake na mfuko.

"Wananipigia kengele," aliniambia jioni moja. Hakunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na la kujibu.

Mavuno tulimaliza sisi wawili. Mtoto wa kaka hakumfukuza, alimwambia akae atakavyo, lakini nyumba ya mtu inayokaliwa kwa hisani ni baridi kuliko theluji. Nilipohitimu, naye alikuwa amepata chumba kimoja mjini, ghorofa ya nne, karibu na hospitali. Siku ya kuondoka kwangu alinipikia yale maharage ya kuvutika. Tulikula. Akaniuliza kama Dodoma kuna baridi. Nikasema mwezi wa saba asubuhi upepo unauma. Akasema, "Vaa soksi."

Nilirudi. Nilipanda mizabibu pale pale Makutupora kwenye eneo alilosema mjomba halioteshi hata mbigiri. Nilitandaza waya juu, nikavalisha vichala mifuko, na watu walikuja kusimama barabarani kucheka mtu anayevisha zabibu nguo. Sasa wanaomba niwafundishe. Kuhusu wazee wawili wa Japani nilisema ni ndugu, maana ndivyo ilivyokuwa rahisi. Nauli ya kwenda nilikuwa nimeikopa kwa nusu ya ukoo, na mwenye deni hasimulii lolote litakalowafanya wadai wamkodolee macho. Nilimpigia simu mpishi mwanzoni. Tuliongea habari za baridi na mavuno, basi. Nilikuwa na kazi nyingi. Sikumpigia tena.

Siku niliyowalipa wote niliwaita kwangu, chini ya mizabibu. Nilichinja mbuzi. Mjomba, baba mdogo na mkewe, mwenye duka la pembejeo, na shangazi yangu kwa niaba ya kikundi chake cha kuweka na kukopa. Kila mmoja nikampa bahasha yake mbele ya wenzake, maana walinicheka mbele ya wenzake. Mjomba alihutubia. Alisema alijua tangu mwanzo.

"Sasa huna deni," akamalizia, "umebakiza mke tu. Au kwa Wajapani walikuambia mke hahitajiki?"

Wakacheka. Baba mdogo, aliyeingia sebuleni kutafuta maji, akatoka na picha kutoka ukutani. "Ndiyo hawa wale ndugu wawili waliokulea? Hebu ona huyu na aproni. Hawajambo?"

"Mmoja alifariki," nikasema. "Na hawakuwa ndugu."

"Ila?"

Bahasha zote zilikuwa zimeshatoka kwangu. Hakuna aliyekuwa na la kunidai. "Walikuwa wanaishi kama mtu na mkewe," nikasema. "Tangu ujana wao."

Nilidhani nitasikia kelele. Mke wa baba mdogo akageuza macho kuelekea barabarani. Mwenye duka akajisafisha koo. Baba mdogo aliirudisha picha ndani, nikasikia akiitundika kwa uangalifu. Mjomba akasogeza sinia.

"Zabibu za mwaka huu," akasema, "zitakuwa na sukari sana."

Nilikuwa nimewahi kusikia jibu hilo, likiwa na matunda mengine. Haikuchukua muda wakaanza kukumbuka safari. Kuna aliyekuwa na mgonjwa, kuna aliyekuwa na ng'ombe hawajanywa. Waliniaga kwa heshima kubwa, kubwa kuliko waliyoingia nayo.

Shangazi peke yake alibaki. Ni mjane, hana haraka ya kwenda popote. Alikuwa bado anakwangua nyama kwenye mfupa.

"Na yule aliyebaki," akauliza, "anakula na nani?"

"Sijui, shangazi."

"Hujampigia?"

"Kazi nyingi."

"Mh." Akaweka mfupa kando, akanawa. "Huko kwao sasa ni saa ngapi?"

Jua lilikuwa limeanza kuinama kuelekea Bahi. Nikapiga hesabu. "Ni usiku. Atakuwa amelala."

Shangazi aliichukua bahasha yake, hakuifungua kuhesabu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akainuka kwa kushika goti.

"Anayelala peke yake halali mapema," akasema. "Mpigie."